Gari la Gwamaka na Mwaka Wako wa Kwanza

Kisondela, nyumbani

Sekela mwanangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakusikia jikoni. Mnacheka wewe na mama yako, na kila nikikohoa huku sebuleni kicheko kinapungua. Leo ni siku ya tisa hujaniambia neno zaidi ya shikamoo. Kesho unaondoka kwenda Dodoma kuanza chuo, ama kwa basi, ama na lile gari lililosimama nje kando ya migomba, na mimi bado sijui ni lipi kati ya hayo mawili. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Kwa mdomo tumeshashindwana.

Humu hutapata habari za chandarua, ndoo, wala namna ya kuficha hela kwenye begi. Mama yako amekwisha kukuambia yote hayo mara mbili, na ya tatu atakuambia kesho. Mimi nina jambo moja tu, ambalo sijawahi kukueleza lote.

Siku ile gari lilipoletwa ulisema, "Taata, limeandikwa jina langu. Siyo lako kulikataa." Halafu ukasema, "Unataka nimchukie Gwamaka kwa niaba yako." Nilikujibu vibaya. Nilisema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana kazi na gari. Ukanijibu kwamba chuo chenyewe ni kikubwa kama kata tatu, bweni liko huku na madarasa yako kule, na jua la Dodoma si ukungu wa Rungwe. Ulijibu vizuri kuliko mimi, kwa sababu nilichokitoa hakikuwa sababu yangu. Sababu yangu ilikuwa ile uliyoitaja wewe, na ilinichoma kuisikia kwa mtoto niliyemzaa.

Unajua kwamba nilifungwa. Umekua ukiambiwa baba yako aligonga mtu, na wenzako walikusimanga nalo shuleni. Tangu ile Jumapili kanisani unajua kwamba siye mimi niliyegonga. Lakini pale kanisani nilisema kwa hasira, na mwenye hasira huchagua maneno yanayomfaa. Yale yasiyonifaa niliyaacha. Leo nakupa yote.

Mzee Lwitiko alikuwa na malori matatu ya kubeba ndizi na viazi kwenda Dar es Salaam, na mimi nilikuwa dereva wake wa gari la nyumbani. Nilimpeleka mkewe kanisani na sokoni. Nilimpeleka shule mwanawe Gwamaka tangu akivaa kaptula. Gwamaka alipopata chuo kule Mbeya, baba yake alimnunulia gari jekundu, mwaka wa kwanza huo huo, na Tukuyu nzima ilizungumza. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, kwenye barabara ya Masoko, na siku alipoendesha bila kuzima injini nilijivuna kama ni mwanangu.

Alikuwa anarudi nyumbani kila Ijumaa, na kila Ijumaa nilimwona amekonda zaidi. Nilipomwuliza akaniambia, akinifupishia jina Asajile kama alivyozoea, "Asa, silali." Mwenzake akiugua, anaamshwa yeye ampeleke hospitali. Kuna harusi, yeye. Kuna mechi, yeye. Kuna mtu anataka kumwona mchumba wake Uyole, yeye. Akikataa wanamwita mtoto wa tajiri, akikubali anakosa kipindi. Pale chuoni hakuwa na rafiki hata mmoja aliyemjua yeye kabla ya kulijua gari lake. Kijana wa miaka ishirini alikuwa amegeuka dereva kama mimi, ila mimi nilikuwa nalipwa.

Ijumaa moja alimpigia baba yake simu kwamba amechoka, hawezi kuendesha. Mzee akaniambia, "Panda basi uende Mbeya, ukamlete. Uendeshe wewe." Nikaenda. Nilimkuta macho mekundu, akalala kwenye kiti cha mbele kabla hatujatoka mjini. Tulipofika Kiwira nilisimama kununua mahindi ya kuchoma. Nilipogeuka alikuwa ameamka, ameegemea mlango wa dereva.

"Asa, nipe ufunguo."

"Baba yako kasema niendeshe mimi."

"Akiniona naletwa kama mgonjwa atanicheka mwaka mzima. Nimeshalala. Nipe."

Hili ndilo ambalo sikulisema kanisani. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimetumwa mimi, kwa jina langu, na nilikuwa nimeyaona macho yake. Nikampa. Hakunilazimisha. Nilimpa kwa sababu alikuwa mtoto wa bosi, na nilitaka aendelee kunipenda.

Mvua ilikuwa nyembamba na ukungu umeshuka mpaka barabarani. Mbele, pale chai inapoanza pande zote mbili, wanawake wachuma chai walikuwa wanarudi nyumbani na makapu yao. Nikamwambia, "Punguza. Kuna watu." Alikuwa ananisimulia kitu na kucheka. Nikasema tena, "Gwamaka, punguza." Akakanyaga breki ghafla, gari likateleza, likampata mmoja wao na kumtupa mtaroni. Nilisikia kapu lake likiviringika kwenye lami kabla sijamsikia yeye.

Huyo ndiye Bibi Bupe.

Gwamaka alishikilia usukani akawa hatikisiki. Nilimsukuma kando, nikamtoa yule mama mtaroni nikisaidiana na mwenzake mmoja, nikaendesha mimi mpaka hospitali. Kwa hiyo wanawake waliokuja wakikimbia waliniona mimi kwenye usukani. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa amesema uongo. Uongo ulikuja saa moja baadaye, kwenye baraza ya hospitali, alipofika Mzee Lwitiko.

"Asajile," akaniambia, amenishika bega, "huyu ana masomo. Wewe ni dereva, kwako ajali ni mambo ya kazi. Sema ni wewe. Itakuwa faini tu, na nitailipa siku hiyo hiyo. Kazi yako ipo. Na yule binti yako nitamsomesha mpaka achoke mwenyewe kusoma."

Nilimtazama Gwamaka. Alikuwa kwenye benchi, kichwa katikati ya magoti. Hakukiinua. Nikasema, "Sawa, mzee." Sikuomba hata usiku mmoja wa kufikiri. Wewe ulikuwa darasa la kwanza, na nilijiambia nimefanya kwa ajili yako. Kidogo ni kweli. Kikubwa ni kwamba nilikuwa nimezoea kusema sawa mzee.

Hakimu alisema faini au mwaka mmoja gerezani. Niligeuka kuutazama mlango wa mahakama. Mzee Lwitiko hakuwepo. Alikuwa ametuma mtu kusema yuko safarini. Mama yako alikwenda kwake mara tatu, na ya tatu alikuta geti limefungwa na mbwa wamefunguliwa. Nikaumaliza mwaka ule wote.

Nilipotoka nilikwenda kumwona kabla hata ya kubadilisha shati. Alinipokea getini, amesimama. Akasema, "Utanielewa, Asajile. Siwezi kumweka dereva aliyevunja mtu mguu."

Tulikuwa wawili tu, Sekela. Hapakuwa na polisi wala jirani wa kumdanganya. Aliyasema hayo kwangu mimi, akinitazama usoni, na nadhani alikuwa ameshaanza kuyaamini.

Tangu siku hiyo nikawa na kazi mbili. Asubuhi nililima migomba na parachichi. Mchana nilikwenda pale malori yanapopakia ndizi nikakaa na madereva. Sikusema uongo hata mmoja. Nilisema tu kwamba mzee yule akiahidi hatimizi, na siku utakayopata ajali utakuwa peke yako. Nilisema kwa upole, mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka. Madereva wazuri wakamwacha. Akabaki na wale ambao wengine wamewafukuza. Lori la kwanza lililala mtaroni na viazi vyake vyote. La pili dereva aliuza gurudumu moja moja mpaka likabaki juu ya mawe. Kila habari iliyokuja niliipokea nikiwa na jembe mkononi, na nililima siku hiyo kama kijana.

Alipokufa nilikwenda msibani mapema. Nilikaa karibu na jeneza, watu wakadhani namlilia. Nilikula wali wa msiba, nikaongeza nyama, nikaongeza tena. Ulikuwa mtamu. Nakuambia hili kwa sababu ukienda mbali utakutana na watu watakaokuambia kisasi hakina ladha, na utajua wanadanganya, halafu utaacha kuwaamini hata kwa mengine. Kina ladha. Mimi nimekila miaka kumi na mitatu.

Sasa nije kwa Bibi Bupe, maana hapo ndipo pabaya.

Wiki ile niliyotoka gerezani mchungaji alinichukua mpaka Masukulu nikamwombe radhi. Ningeweza kumwambia ukweli siku ile. Badala yake nilipiga magoti mlangoni kwake, nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyekugonga. Nisamehe." Mguu wake ulikuwa umeunga vibaya, na chai hakuweza tena kuichuma. Alinitazama sana. Halafu akasema, "Inuka. Ilikuwa mvua. Nimekusamehe."

Yaliyofuata unayajua kwa sababu uliyaishi. Nilimpelekea ndizi. Nilimwezekea paa. Wewe ulibeba parachichi kwake kila msimu, likizo ukalala kwake, akakuita mjukuu. Watu walisema tazama dereva yule alivyo na utu. Nami niliyapokea maneno yale kama haki yangu. Nilijiona nabeba mzigo wa mtu mwingine, na nilipenda jinsi nilivyoonekana nikiubeba.

Ndipo ikaja ile Jumapili ya kuchangia mabati ya kanisa, na mgeni rasmi akawa Gwamaka, mtu mkubwa siku hizi huko Dar es Salaam. Alisimama mbele na suti yake akasema marehemu baba yake alimfundisha kutimiza ahadi. Mchungaji alipoanza kuuliza nani ana ahadi ya kuchangia, nikasimama.

"Baba Sekela, una ahadi?"

"Ninayo," nikasema. "Ni ya zamani."

Ulikuwepo, ulisikia niliyoyasema. Usichokijua ni kwamba nilikuwa nimeifanyia mazoezi hotuba ile shambani kwa miaka. Nilikuwa na majibu kwa kila namna atakavyokataa. Nilitaka akatae. Nilitaka nimwone akikataa mbele ya kanisa zima huku nikimvua nguo moja baada ya nyingine. Naye akakiinua kipaza sauti akasema, "Ni kweli. Ni mimi. Baba Sekela alifungwa kwa ajili yangu." Akalia. Akina mama wakaanza kumlilia na kumpa pole. Wazee wakasema kijana ana moyo wa kukiri. Akatoka pale msafi kuliko alivyoingia, na mimi nikabaki nimesimama na hotuba iliyobaki.

Na katika kelele ile tulisikia fimbo ya Bibi Bupe kwenye sakafu. Aliinuka kwenye benchi lake la pili akatoka. Hakumtazama Gwamaka. Alinitazama mimi.

Jumatatu yake nilikwenda Masukulu. Hakunikaribisha ndani.

"Yule kijana alinivunja mguu," akasema. "Hilo nimelisikia, nitajua la kufanya nalo. Lakini wewe ulikuja hapa ukapiga magoti. Hujui nilivyolia siku tatu kabla ya siku ile nikijilazimisha nikusamehe. Nikaweza. Nikakusamehe kosa la mtu mwingine. Sasa leo lako mwenyewe ndilo hili, na mimi nguvu ile nimeshaitumia."

"Mama, ndizi nilizokuwa nakuletea..."

"Nilizila nikikuombea. Kila mkungu. Usirudi hapa."

Ndiyo sababu hakuja kwenye chakula cha kukuaga, na ndiyo sababu nilikukataza usimfuate kuuliza. Nilikuambia anaumwa. Hakuwa anaumwa. Pigo nililolipania miaka yote lilimpita niliyemkusudia likampata yeye, kwa mara ya pili, na safari hii aliyekuwa kwenye usukani nilikuwa mimi kweli.

Kisha siku tisa zilizopita gari likaja. Dereva wa Gwamaka akashuka na karatasi zenye jina lako, na salamu kwamba ni kwa ajili ya masomo, kama marehemu baba yake alivyoahidi. Nilikuona ulivyoligusa. Hujawahi kuwa na kitu kipya cha ukubwa ule. Na mimi nilichokifikiria wakati ule hakikuwa masomo yako wala barabara za Dodoma. Nilifikiria hivi: likipokelewa, tumemalizana. Atalala usingizi. Nami sitaki alale. Nilitaka akose pa kuupeleka ule moyo wake wa kukiri, azunguke nao mpaka azeeke. Hiyo ndiyo iliyokuwa hapana yangu. Ulipoiita chuki uliiita kwa jina lake. Usiniwekee akiba ya chuki hiyo wala usinirithi hapo, mama. Kazi ile naiweza peke yangu.

Yale ya mwaka wa kwanza na gari nayo yalikuwa ya kweli, nilichelewa tu kuyasema vizuri. Nilimwona Gwamaka. Hakuwa kijana mbaya. Alifika mahali ambapo hakuna aliyemjua, akiwa na kitu ambacho kila mtu anakitaka, kabla hajajua kumwambia mtu hapana. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne na sikujua bado kuisema, pale Kiwira, kwa mtoto. Wewe unaijua? Siku tisa hizi umenionyesha kwamba unaijua kwangu. Kwa watu unaotaka wakupende, sijui. Jiulize hilo tu, jua la Dodoma liache.

Leo mchana, mlipokwenda Tukuyu kumuaga shangazi yako, nilichukua ufunguo kwenye msumari. Leseni nilirudishiwa zamani na nimeilipia kila ilipoisha, lakini usukani sikuwa nimeushika tangu ile siku ya hospitali. Nikaenda Masukulu. Nia yangu, kwa ukweli, ilikuwa kuliacha gari mlangoni kwa Bibi Bupe na kuondoka kwa miguu. Niliona ni akili nyingi: zawadi ya Gwamaka imfikie yule aliyemvunja mguu, nami nionekane sikutaka kitu.

Alitoka na fimbo yake akasimama.

"Hilo ndilo gari lake?"

"Ndiyo, mama."

"Umeniletea mimi?"

"Nilitaka uamue wewe. Mtoto aende nalo chuoni au libaki."

"Usiniletee mambo yako niyaamue," akasema. "Mimi ningeendesha gari na mguu upi?"

Alilizunguka gari taratibu, akachungulia ndani. Kisha akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaingiza fimbo kwanza, halafu akaketi na kuuvuta mguu wake kwa mikono miwili.

"Nipeleke Masoko."

Kaka yake anaishi huko, mgonjwa, na hawakuwa wameonana miaka minne. Bodaboda hawezi kupanda kwa sababu ya mguu. Sikulijua hilo. Miaka yote niliyompelekea ndizi sikuwahi kumwuliza anataka kwenda wapi.

Njia nzima alisema neno moja, "Polepole," na nilikuwa tayari naenda polepole. Tulipofika, kaka yake alikuwa amelazwa nje kwenye mkeka apate jua. Alimtazama dada yake akishuka, akasema, "Nilidhani umekufa wakanificha." Naye akamjibu, "Na mimi nilidhani hivyo hivyo." Wakashikana mikono wakaanza kucheka, wazee wawili, wanaulizana kuhusu watu waliokufa zamani. Mimi nilisimama kando ya gari kama siku za Mzee Lwitiko. Baadaye wifi yake, mke wa huyo kaka, alitoka na sahani ya ndizi akawa hajui ampe nani.

"Mpe dereva," akasema Bibi Bupe.

Nilikula nimesimama.

Tuliporudi kwake nilimfungulia mlango. Alishuka, akajiweka sawa, akasema, "Jumatano tena."

"Mama, umenisamehe?"

"Nimesema Jumatano."

Akaingia ndani.

Njiani, kabla sijafika Kisondela, nilisimamisha gari nikampigia Gwamaka. Namba yake aliiandika yule dereva kwenye bahasha ya karatasi zako. Alipokea haraka, kama mtu aliyekuwa anangoja.

"Shikamoo, Baba Sekela. Mtoto amelipenda gari?"

"Sijapiga kukushukuru. Jumatano kuna mtu anataka kupelekwa Masoko. Anakaa kiti cha nyuma, na anataka iwe polepole. Uje umpeleke."

"Bibi Bupe?"

"Huyo."

"Nitamtuma dereva wangu, mzee. Nitamwambia aje kila wiki."

"Ukimtuma dereva nitamrudisha. Ulishamtumia dereva mara moja."

Akasema Jumatano ana kikao. Nikamwambia mimi Ijumaa ile nilikuwa na safari ya kurudi nyumbani kwangu kula. Halafu, kwa sauti ya yule kijana wa kiti cha mbele, akasema, "Atakubali mimi nimwendeshe?"

"Sijui," nikasema. "Utasimama mlangoni umwulize, kama nilivyosimama mimi." Nikakata.

Nilikaa mle garini nikatetemeka kwa furaha, Sekela. Nisikuambie ni amani, haikuwa amani. Ilikuwa ile ile ya wali wa msiba, ila safari hii kuna mwanamke atakayefika kwa kaka yake. Sijui kama hilo linaibadilisha. Nimeamua kutolifikiria sana.

Nimefanya yote hayo kwa gari lako bila kukuuliza, na hilo ndilo kosa langu jipya kabisa, la leo. Kwa hiyo ufunguo nauweka ndani ya bahasha hii pamoja na karatasi. Ukiamua kuondoka nalo kesho, ondoka nalo. Nitakupakia mizigo, nitakagua maji na upepo wa matairi, na sitanuna. Gwamaka atakuja na gari lake mwenyewe, na Bibi Bupe atapanda hilo akitaka. Ukiamua kuliacha, litabaki kwa jina lako, na kazi yake unaijua: kumpeleka Bibi Bupe Masoko. Baba yako hatakuwa na neno, na safari hii nikisema sina neno ujue sina.

Kwa Bibi Bupe usipite kesho. Mpigie simu ukifika. Mwambie umefika salama, mwulize kaka yake anaendeleaje, na usinitaje. Akinitaja yeye, sikiliza tu.

Mimi Jumatano nitakwenda Masukulu mapema kwa miguu, nikae kwenye jiwe lililo mbele ya nyumba ya jirani yake, pale panapoonekana mlango. Nataka nimwone yule kijana akishuka kwenye gari na suti yake. Nataka nimwone anabisha hodi, na anavyongoja, na kama atapiga magoti au la. Akifunguliwa mlango nitatazama mpaka gari likate kona. Asipofunguliwa nitatazama vile vile. Kisha nitakupigia simu, huko uliko, nikuambie alikuwa na sura gani.

Baba yako,
Asajile